Shajara ya mradi: Kumpangisha mwenye vocha ya Section 8 ghorofa ya juu, Ohio

Naandika shajara hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliojaliwa kupata nyumba hapa Marekani na wanaowaza kumpokea mpangaji ambaye kodi yake inalipwa kwa sehemu na serikali, kwa vocha iitwayo Section 8. Nilipoanza nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa. Nilichopata ni maneno ya vibarazani: huyu anasema "hela ya Section 8 ni ya uhakika, we lala tu", yule anasema "usithubutu, utaachiwa magofu". Hakuna aliyeniambia fomu ipi inatangulia wala kosa gani linagharimu kiasi gani. Nitaongeza maelezo kila hatua ikikamilika.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1924, ghorofa mbili, kila moja na mlango wake. Niliinunua 2021 kwa mkopo wa FHA, unaodhaminiwa na serikali, ule wa kutanguliza asilimia 3.5 kwa sharti kwamba mnunuzi aishi humo. Sisi tunakaa chini. Juu kuna vyumba viwili vya kulala, jiko na chumba kidogo cha madirisha upande wa barabarani. Wapangaji wa mwanzo walihama Januari.

3 Februari 2024. Tangazo nililolifuta

Niliandika tangazo kwa Kiswahili nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp: "Nyumba ya vyumba viwili, kwa familia ya Waswahili tu." Moyoni nilikuwa nasaidia ndugu zetu, hasa Wakongomani wanaoingia mjini kila mwezi na kuzungushwa na wenye nyumba.

Rafiki anayefanya kazi ya udalali alinipigia usiku huohuo: futa. Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968 inakataza kuchagua mpangaji kwa asili ya taifa lake. Mwenye nyumba anayeishi humohumo, kwenye jengo lisilozidi nyumba nne, ana nafuu fulani, lakini nafuu hiyo haigusi tangazo. Ukiandika "Waswahili tu" umevunja sheria, hata kama nia yako ni njema. Nililifuta, nikaandika jipya kwa Kiingereza na Kiswahili, likasema vyumba, kodi, na kwamba vocha zinapokelewa. Hilo la vocha liandikeni wazi. Miji mingine ya Ohio, Columbus ikiwemo, imeshapiga marufuku kumkataa mtu kwa sababu tu analipiwa kwa vocha, na hata kusikokatazwa, watu wenye vocha wanachoka kupiga simu hamsini na kuambiwa hapana.

17 Februari. Mpangaji, na hesabu ya kodi

Walikuja watu saba kuangalia. Wote niliwapa fomu moja, vigezo vilevile: mwenye nyumba wa zamani anasemaje, kodi alilipa kwa wakati au la. Jambo hili wengi hawalijui: mamlaka ya nyumba, yaani ofisi ya umma inayotoa vocha, inampima mpangaji kama anastahili vocha, haikuchagulii mpangaji mwema. Kazi hiyo ni yako.

Aliyekamilisha kila kitu kwanza ni mama mmoja Mkongomani, simtaji jina. Kwao ni Fizi, Kivu Kusini, na alikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Ana watoto watatu, kifunga mimba ana miaka minne. Anafanya kazi ya kufua kwenye hoteli. Alisubiri vocha kwa miaka, na alipofika kwangu vocha hiyo ilibakiza siku 19 kumaliza muda wake.

Hesabu inakwenda hivi. Mwenye vocha anachangia kama asilimia 30 ya kipato chake cha mwezi baada ya makato. Kipato chake kilikuwa dola 24,000 kwa mwaka. Mwaka huo kila mtoto alipunguza 480, inabaki 22,560, sawa na 1,880 kwa mwezi. Asilimia 30 yake ni 564. Umeme na gesi analipa mwenyewe, na mamlaka imekadiria bili hizo kuwa 140, kwa hiyo 140 hiyo inatolewa ndani ya mchango wake. Ndiyo maana anachonipa mkononi ni 424, siyo 564. Kinachobaki kwenye kodi kinalipwa na mamlaka moja kwa moja kwenye akaunti yangu.

24 Februari. Fomu, na neno "kaka"

Tulijaza ombi la kuidhinishiwa upangaji, fomu HUD-52517 (HUD ni wizara ya makazi ya Marekani). Ni kurasa chache: anwani, mwaka wa ujenzi, kodi unayotaka, nani analipa bili ipi, jiko na friji ni vya nani. Ikishapokelewa, siku za vocha zinasimama kuhesabika, kwa hiyo usiikalie. Niliipeleka siku hiyohiyo.

Wiki moja ikapita kimya. Nikapiga simu. Ofisa akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ni ndugu wa mpangaji. Nikasema hapana. Akasema, "Yeye ametuambia nyumba ni ya kaka yake."

Nilielewa palepale. Mama huyu tangu siku ya kwanza ananiita kaka, na mimi namwita dada. Alipoulizwa dirishani nyumba ni ya nani, akajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu. Lakini kanuni za vocha zinakataza kumpangisha mzazi wako, mtoto wako, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, isipokuwa pale ambapo kuna ulemavu unaolazimu na mamlaka imeridhia. Neno la heshima la kwetu, likishatafsiriwa, likawa kizuizi cha kisheria.

Tuliandika maelezo, kila mtu na lake: yeye kazaliwa Fizi, mimi Tanga, majina ya wazazi wa kila mmoja, hatuna undugu wa damu. Yakapokelewa. Siku tisa zilipotea. Ukimpangisha Mswahili mwenzio mwenye vocha, mwambie mapema: ofisini sema "mwenye nyumba", kaka na dada tuyaache kwa ajili ya ngazini.

7 Machi. Kodi yangu ilikataliwa

Niliomba 1,250. Mamlaka ikasema 1,150. Kabla ya kuidhinisha ni lazima walinganishe na nyumba zisizo na ruzuku za mtaa huohuo, za ukubwa na hali ileile. Sikuwa nimeambatanisha ushahidi wowote, nilitaja tu bei niliyoisikia kwa jirani. Jirani huyo alishabadilisha jiko lote. Nikakubali 1,150. Kwa hiyo: 1,150 ongeza 140 za bili ni 1,290, toa mchango wake 564, mamlaka inalipa 726, yeye 424.

Mtu mmoja ninayemheshimu alinishauri, "Mia inayopungua mwambie akupe pembeni, hatakataa." Ni kweli, asingekataa. Mtu aliyelala sebuleni kwa watu na watoto watatu hawezi kukataa kitu. Malipo ya pembeni yamekatazwa na mkataba utakaousaini na mamlaka. Unaweza kudaiwa urudishe na ukafungiwa kabisa. Lakini hata pasingekuwa na adhabu, nilimwona akihesabu 424 kwa vidole. Mia moja kwake ni chakula cha wiki.

12 Machi. Ukaguzi wa kwanza: tumefeli

Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole, ana tochi na kisanduku cha kupima soketi. Alipanda ngazi, akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akanigeukia: "Sasa nifungulie, lakini bila ufunguo."

Sikuweza. Baada ya wapangaji wa mwanzo kuhama nilikuwa nimefunga kitasa cha ufunguo pande zote mbili, kama nyumbani Tanga, ambapo usiku unafunga kwa ndani na ufunguo unauweka chini ya mto. Nilidhani nimeongeza usalama. Akaniambia, "Moshi ukijaa humu, mtoto wa miaka minne ataupata wapi ufunguo?" Nilisimama nikitazama kile kitasa, chuma kizuri kinachong'aa, dola 70 nilikilipia. Nilikitoa jioni ileile.

Mengine aliyoandika: ngazi ya nyuma ina vidato sita na haina mkono wa kushikia, wakati kuanzia vinne ni lazima uwepo, tangi la maji moto halina bomba la kushusha maji ya vali hadi karibu na sakafu, king'ora cha moshi hakipo kwenye chumba cha chini ya ardhi, king'ora cha kaboni monoksaidi hakipo, nacho kimekuwa lazima kwenye nyumba hizi tangu Desemba 2022 ikiwa kuna hita ya gesi, dirisha la jikoni halisimami likifunguliwa. Hayo yote niliyamaliza kwa siku tatu na bisbisi. Gharama: kitasa kipya 64, mkono wa ngazi 118, bomba 22, ving'ora 156, dirisha 90.

La mwisho lilikuwa zito: rangi inayobanduka kwenye madirisha ya chumba cha watoto.

16 hadi 27 Machi. Rangi yenye risasi

Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978. Nyumba ya 1924 ichukulie kwamba inazo. Unga wake ukiingia tumboni mwa mtoto mdogo unaharibu ubongo na hauponi. Ndiyo maana kama nyumba ni ya kabla ya 1978 na atakaa mtoto wa chini ya miaka sita, mkaguzi haachii hata maganda.

Hapa nilikosea vibaya, na nawaomba msinifuate. Jumamosi asubuhi nilichukua kikwangulio na karatasi ya msasa, nikaanza kukwangua dirisha la kwanza, kavu kavu, mlango wazi. Saa mbili nzima. Kizingiti kikawa na unga mweupe, sakafu ikawa na unga mweupe, nikaufagia kwa ufagio wa kawaida, yaani nikauinua hewani. Mke wangu ndiye aliyesoma kile kijitabu cha risasi ambacho mimi nilipaswa kumpa mpangaji kabla ya kusaini, akapanda juu akanikuta. Alichosema ni, "Na watoto wetu wako chini."

Ukweli ni huu. Ukivuka futi mbili za mraba za rangi kwa chumba kimoja ndani ya nyumba, kazi inatakiwa ifanywe kwa njia salama na watu wenye cheti, na mwisho vipimo vya vumbi vichukuliwe kabla mtu hajaingia. Na mwenye nyumba ya kupangisha anayejifanyia kazi mwenyewe naye anahitaji cheti hicho. Kusema "nyumba ni yangu" hakukuvushi. Maji kwanza, plastiki sakafuni, mlango umefungwa, mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini.

Nilifunga chumba, nikatafuta fundi mwenye cheti. Alifanya siku mbili: dola 1,480. Mtu mwingine, tofauti na fundi, akaja kupangusa sakafu, kizingiti na mfereji wa dirisha kwa vitambaa na kuvipeleka maabara: 275. Sakafu ilifeli mara ya kwanza kwa sababu ya ule unga wangu. Fundi akasafisha upya bila kunitoza, vipimo vikapita. Tuliwapeleka watoto wetu kupimwa damu pia. Wako salama, namshukuru Mungu.

28 Machi. Nilimpa ufunguo mapema

Ukaguzi wa marudio ulipangwa 2 Aprili. Tarehe 27 usiku mama akanipigia. Mwenyeji wake kapewa barua: watu wamezidi kwenye nyumba, waondoke. Alikuwa anaongea taratibu ili watoto wasisikie.

Tarehe 28 alifika na magodoro mawili juu ya gari ya kuazima, mvua inanyesha. Ving'ora vilikuwepo, kitasa kilikuwepo, vumbi limeshapimwa. Nikampa ufunguo.

Ninachotaka mjue ni bei yake. Mamlaka hailipi hata senti kwa siku zilizotangulia nyumba kupita ukaguzi. Haijalishi aliyeingia ni nani wala kwa shida gani.

2 na 16 Aprili. Marudio

Tarehe 2 mkaguzi alikuja saa nne asubuhi badala ya mchana niliouelewa mimi. Barua ilisema "kati ya saa mbili na saa nane", nami nilishika ile ya mwisho tu. Mimi nilikuwa kazini, mama kazini, nyumbani kulikuwa na binti yake wa miaka 13. Mkaguzi haruhusiwi kuingia bila mtu mzima nyumbani. Akaandika "hakuna mtu", nafasi iliyofuata ikawa tarehe 16. Kosa dogo kuliko yote niliyofanya, na limenichukulia wiki mbili.

Tarehe 16 nilichukua ruhusa kazini, nikakaa kwenye ngazi tangu saa moja. Tulipita kwa dakika kumi na tano.

Siku nilizompa bila malipo ni kuanzia 28 Machi hadi 15 Aprili, siku 19, ambazo kwa kodi ya 1,150 ni dola 723. Sikumdai yeye. Nilisaini kwa mkono wangu kumpa ufunguo, basi na hasara ni yangu.

Aprili na Mei. Karatasi zisizolingana

Mkataba wa upangaji niliuandika uanze 1 Aprili. Mkataba wa malipo na mamlaka, HUD-52641, ulianza 16 Aprili. Ukarudi. Ikabidi tusaini upya upangaji wa mwaka mmoja kuanzia 16 Aprili, tukaambatanisha nyongeza ya lazima, HUD-52641-A. Nyongeza hiyo isomeni yote: popote inapopingana na mkataba wako, yenyewe ndiyo inayoshika.

Kisha benki ikakataa malipo. Kwenye W-9, fomu ya kodi ya serikali (siyo kodi ya nyumba), niliandika majina matatu, langu, la baba na la babu, kama tulivyozoea. Akaunti ya benki ina mawili. Kompyuta ikaona watu wawili tofauti. Wiki tatu nyingine. Andikeni jina lilelile, herufi kwa herufi, kwenye hati ya nyumba, W-9, benki na mikataba.

3 Juni. Fedha imeingia

Dola 1,815 kwa mpigo: nusu ya Aprili 363, Mei 726, Juni 726. Tangu hapo inaingia kila mwanzo wa mwezi, haijawahi kukosa. Lakini tangu Januari hadi siku hiyo nilikuwa nalipa mkopo wa nyumba kutoka mfukoni, kwa msaada wa 424 za mama na amana ya 600 aliyotoa kwa mikupuo miwili. Bila akiba ya miezi minne ningeyumba. Nami nawaambia wanaoniuliza: kama huna akiba hiyo, anza na kuiweka kabla ya kutangaza nyumba.

21 Septemba. Mgawo umebadilika

Mama ameongezewa saa kazini. Kipato kimefika 2,400 kwa mwezi, mamlaka ikahesabu upya: yeye 544, wao 606. Jumla yangu haikuguswa, ni 1,150 ileile. Barua ilikuja kwa Kiingereza kurasa nne, mimi niliiweka kwenye faili nikidhani na yeye kaielewa. Akaniletea 424 kama kawaida.

Nilipanda juu. Alikuwa anasonga ugali, akazima jiko, akafuta mikono. Nilimsomea barua mstari kwa mstari. Akauliza, "Kaka, nikifanya kazi zaidi wananiadhibu?" Nikamwonyesha kwenye karatasi: kipato kimepanda 400, mchango umepanda 120, unabaki na 280 ambazo hukuwa nazo. Akaichukua ile karatasi akaibandika kwenye friji. Deni la 120 alilimaliza kwa miezi miwili. Sasa kila barua ikija tunaisoma pamoja.

Novemba

Hita ya gesi ilizima usiku wa baridi kali. Fundi kesho yake asubuhi, dola 340. Upungufu unaohatarisha maisha hurekebishwa ndani ya saa 24, mengine siku 30. Ukichelewa, mamlaka inasimamisha malipo, na mpangaji hadaiwi ile sehemu yao.

3 Februari 2025. Ombi la kuongeza kodi

Ndani ya mwaka wa kwanza kodi haipandi. Baada ya hapo taarifa ifike mamlakani angalau siku 60 kabla. Safari hii nimeambatanisha matangazo matatu ya nyumba zinazofanana na yangu kweli, vyumba viwili, juu, bila jiko jipya. Nimeomba 1,210.

20 Machi 2025

Ukaguzi wa mwaka: kitanda cha mtoto kilikuwa kimeziba dirisha. Tulikisogeza mkaguzi akiwa amesimama palepale. Tumepita. Kodi imeidhinishwa 1,195 kuanzia 16 Aprili, na mama ameongeza mwaka.

Kifunga mimba wake ametimiza miaka mitano. Mwakani ule mpaka wa miaka sita hautamhusu, lakini rangi ya 1924 bado iko chini ya rangi mpya, na kila dirisha likifunguliwa linajisugua. Nimeomba bei ya kung'oa madirisha yote mawili ya chumba chao na kuweka mapya, kwa fundi yuleyule mwenye cheti. Akinijibu nitaandika hapa.